Kanuni za Kaka Bakari

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Makarani alinikalisha kwenye kiti kirefu nyuma ya dirisha la tiketi, akanionyesha mashine, akaniambia nisimtazame mteja usoni zaidi ya inavyohitajika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye uwanja wa mbio za farasi upande wa Maryland, mwendo wa mabasi mawili kutoka nilikopanga Hyattsville. Mimi mwanamke wa Tanga, Mwislamu, nilijua vizuri kwamba kamari ni haramu. Lakini ghala nililokuwa nikifanyia kazi lilikuwa limefungwa, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kungoja. Mama nilimwambia kwamba nakata tiketi. Hakuuliza za nini.

Ninyi mnaocheza kwa simu huenda hamjui mambo yalivyokwenda. Uwanja haukushindana na mteja; wateja walishindana wenyewe kwa wenyewe. Fedha zote za mbio moja ziliingia chungu kimoja. Uwanja na serikali ya jimbo walichota fungu lao kwanza, na kilichobaki wakagawana waliopatia. Farasi aliyewekewa fedha nyingi kuliko wenzake tulimwita kipenzi. Kipenzi alishinda mara nyingi kuliko farasi mwingine yeyote, lakini kwa vile wengi walikuwa wamemchagua, kila mmoja aliambulia kidogo.

Kaka yangu Bakari alikuja uwanjani mara ya kwanza kunichukua kwa gari lake, siku ya mvua kubwa. Ndiye aliyenileta Marekani. Alikuwa fundi wa breki kwenye gereji ya mabasi, mtu wa kupima kila kitu mara mbili. Mkewe Saumu na binti yao Zainabu walikuwa bado Tanga, naye alikuwa akiweka akiba ya nauli zao na ya nyumba ya kupanga huko Springfield, ambako alisema shule ni nzuri. Alifika mapema, akanisubiri ukumbini. Huko akawasikia wazee wakizungumzia kanuni zao: mfuate kipenzi, usiguse farasi mwenye malipo makubwa, mtafute aliyeshushwa kutoka mbio ngumu kwenda mbio nyepesi, ukikosa, ongeza dau mara mbili. Aliwasikiliza kama anayesikiliza injini.

Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi. Kuongeza dau aliachana nako haraka, akasema huo ni wazimu. Kipenzi hakumwacha.

Nilimwuliza Mkuu wa Makarani, mzee mwembamba aliyekaa madirishani tangu ujana wake, kama kanuni hiyo inalipa.

"Ni nzuri kuliko zote," alisema.

"Kwa hiyo inalipa?"

"Hapana. Inakula polepole kuliko zote. Anayekimbilia farasi wa malipo makubwa huishiwa mapema, akarudi kwa mkewe. Anayefuata kipenzi nitakuwa naye mpaka azeeke. Karibu kila akija anashinda kitu."

Jioni hiyo nilimweleza Bakari tukiwa mezani. Hakushangaa hata kidogo.

"Najua, dada. Wanachota kwanza, hesabu hiyo nimeipiga. Mimi nahitaji tu kuchagua vizuri kidogo kuliko wengine."

"Na wengine wote wanasema hivyohivyo, kaka."

"Wengine hawana subira."

Kisha zikaja mashine mpya, nami nikahamishiwa ukumbi wa juu. Mwanzoni karani aliyeuza hakulipa, na aliyelipa hakuuza. Aliyeshinda alilazimika kutembea hadi upande wa pili na kupanga foleni tena, na njiani wapo waliofikiri wakaenda zao nyumbani. Mashine mpya zilifanya kazi zote mbili. Msimamizi wa Ukumbi alitukusanya akatuambia, "Ukishamlipa mteja, usimwambie asante. Mwulize mbio inayofuata anamtaka nani." Fedha zikawa hazifiki hata mfukoni. Nimefanya kazi nyingi, lakini sentensi ile ndiyo iliyonichosha kuliko masaa yote ya kukaa.

Siku moja Bakari alifika dirishani na bahasha nene. Niliitambua, ilikuwa ya nauli.

"Siuzi," nilimwambia kwa Kiswahili. "Rudi nyumbani, kaka. Hiyo ni ya Zainabu."

"Ndiyo maana naiweka kwa kipenzi. Nipe tiketi."

"Sikupi."

Hakunigombeza. Alisogea dirisha la jirani, akakata tiketi yake. Na farasi yule akashinda.

Alirudi akicheka, akaniwekea keki mbele ya kioo. Laiti angekosa siku ile! Tangu hapo sikuweza tena kumwambia neno. Kila nilipofungua mdomo alinikumbusha farasi yule, na kabla mwaka haujaisha bahasha ilikuwa tupu, si kwa pigo moja, bali kidogo kidogo, mbio hii na ile, huku akishinda hapa na pale.

Saumu alisubiri mpaka akachoka. Alipiga simu kwangu, si kwake.

"Wifi, mwambie anipe talaka yangu. Sina ugomvi naye. Nimechoka kufungasha na kufungua mizigo."

Bakari aliitoa. Baada ya hapo sikumwona tena dirishani, nikamshukuru Mungu, nikidhani ameacha. Kumbe alikuwa amehamia uwanja mwingine, mbali zaidi, mahali ambapo hakuna dada wa kumtazama usoni. Kanuni ilikuwa ileile.

Nilistaafu nikiwa karani mwandamizi, nikapewa saa ya ukutani na chakula cha mchana. Vijana wa hapa Hyattsville wakijua nilikofanya kazi, huniuliza ni kanuni gani ya kweli. Nawajibu kwamba kanuni ya uongo kabisa mtu huigundua akaondoka. Ile iliyokaribia ukweli ndiyo iliyomla kaka yangu, nami sijaona dawa yake. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanatazama simu zao.

Bakari alifia kwenye chumba cha kupanga Riverdale. Zainabu alipata viza kwa ajili ya mazishi, na hivyo ndivyo alivyoiona Marekani, akiwa mama wa watoto wawili. Tukitoka makaburini aliniuliza, "Shangazi, baba alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mtu makini," nilimwambia. "Makini sana."

Akatikisa kichwa kukubali, akafuta machozi, akashukuru.