Pindo Lisilo na Matope

Jumatatu saa tatu asubuhi, bibi harusi alirudisha gauni la kukodi katika duka moja la mtaa wa Mutakura. Mwenye duka aligeuza pindo mara mbili, akitafuta matope ya mvua ya Jumamosi, siku ya harusi.

"We dada, uliolewa kweli, ama ulikaa tu mbele ya kioo?"

"Gari iliisha esansi njiani, mama, mafuta hakuna mjini. Na padri alisema nikichelewa, ndoa inaahirishwa. Mi nikafungua mlango nishuke. Mafundi wa gereji ya pale, Waislamu, wakaufunga: 'Bibi harusi hakanyagi matope.' Wakasukuma gari mpaka kanisani."

"Wakaingia?"

"Apana. Walisimama nje, matope mpaka magotini, hadi niliposema ndiyo."

Mimi mwandishi wa habari, niliyekuwa pale dukani, nimeandika sana juu ya uhaba wa mafuta. Pindo kama hilo sijawahi kuliandika.

Mwenye duka alilitundika gauni dirishani bila kulifua.