Mama Anayezika Vizazi

Saa tatu asubuhi. Felicitas Kamugisha anatoka chumba cha upasuaji na beseni la enameli lililofunikwa kitambaa cheupe. Anapita katikati ya wodi ya wanawake. Mmoja anageuzia uso ukutani. Hakuna anayeuliza kilichomo.

Felicitas, mhudumu katika hospitali moja ya hapa Mwanza tangu 1953, ndiye anayezika vizazi vya wanawake vilivyotolewa kwa upasuaji. Huvifukia nyuma ya chumba cha kufulia, upande wa ziwa.

"Kwetu Bukoba hata kondo la nyuma huzikwa nyumbani, migombani," anasema. "Hapa nikifukia, huwa nasikia mtu akihema mgongoni kwangu. Sigeuki."

Wagonjwa wanaapa kwamba mvua ikinyesha, kichanga hulia pale.

Mwezi uliopita, Tanganyika ikisubiri Uhuru wa Desemba, alikuwa akimpeleka kwenye upasuaji Sihaba Jumbe, mshonaji wa Mirongo, aliyevuja damu miezi saba kwa uvimbe wa tumboni. Sihaba alikuwa akicheka.

"Dada, wakishautoa huu, Desemba ikifika nambebea mume wangu Ally mimba ya Uhuru!"

Felicitas akasimamisha machela. Sihaba alikwisha kutia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, lakini hakuna aliyemwambia kwamba uvimbe ungetoka pamoja na kizazi.

"Hutazaa tena, mdogo wangu."

"Wee! Nirudishe kitandani!"

Daktari akaitwa, akaeleza upya kwa Kiingereza, Felicitas akitafsiri. Hatari hazikufichwa: damu nyingi kupotea, kidonda kutunga usaha, kibofu kuchanika, hata kutozinduka kwenye dawa ya usingizi.

"Na nikikataa?"

Felicitas akamsimulia habari za mdogo wake Leonsia, aliyekataa, akafa. "Nilimwosha mwenyewe. Hakuwa amebakiwa na damu ya kuchafua hata shuka."

Sihaba akalala tena kwenye machela. "Basi msikizike huku. Mpeni Ally, akakizike uani kwetu."

Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kimefika nyumbani?"

"Kimefika."

Sasa Sihaba amerudi kwenye cherehani. Felicitas naye amemwomba daktari mkuu jambo moja: mwanamke yeyote asitie dole kabla yeye Felicitas hajakaa naye wakaelewana. Jibu halijaja, naye hakulingoja. Jana alivuta kigoda hadi kitandani kwa Tereza, mkulima wa Kisesa anayesubiri zamu yake ya kutolewa kizazi.

"Shikamoo, mama. Wamekuambia wanakutoa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Jipu."

Felicitas akakaa.