Gari la brosha na gari la mnunuzi: yaliyotukuta Bukoba kabla ya Uhuru

Wakuu, poleni na majukumu. Huku Bukoba mvua inanyesha, nimejifungia ndani na simu yangu.

Nimesoma ule uzi wenu wa lap time, yaani muda wa gari kuzunguka uwanja, mwanzo hadi mwisho. Huyu anasema gari la kampuni yake limezunguka uwanja kule Ujerumani na kuwaacha wote. Yule anasema namba hizo zimepikwa. Mmebishana hadi mods, wasimamizi wa jukwaa, wakafunga uzi.

Mimi ni bibi, mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha jukwaa hili, na sasa simu naishika kuliko yeye.

Haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na saa iliyopima ilikuwa mkononi mwangu. Chumvi sitaongeza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kahawa ilikuwa na bei nzuri. Waliokuwa na kahawa walijenga nyumba za bati, wengine wakanunua baiskeli. Kaka yangu Petro akanunua gari.

Si gari la kubebea ndizi, wakuu. Sports car. Jekundu, viti viwili, wazi juu.

Alipolifikisha kwetu Buganguzi, upande wa Muleba, Mama alilizunguka taratibu, akauliza, "Waitu, jamani, na paa lake litakuja lini?"

Baba alikuwa ameshafariki. Petro ndiye mrithi wa kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mama aliishi humo, na Baba alizikwa humo. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya wasichana Bukoba mjini, sijaolewa bado.

Sasa, pale mjini kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa nguo, Bwana Salimu. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye mwenyewe kazaliwa Bukoba na Kihaya anakiongea kama sisi. Binti yake nilimfundisha. Naye alikuwa na sports car, ya kijani, ya kampuni nyingine.

Unaona mambo yanakoelekea.

Brosha ya Petro ilisema gari lake ndilo lenye kasi kuliko yote ya daraja lake, limepimwa uwanjani Ulaya. Brosha ya Salimu ilisema vilevile. Zote mbili karatasi nzuri, picha nzuri. Mimi ndiye niliyewasomea Kiingereza chake, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba haiwezekani zote ziwe kweli.

Walibishana miezi mingi. Ulikuwa utani tu, mpaka alipokuja wakala.

Wakala huyu alikuwa kijana wa Kizungu kutoka Kampala, amekulia huku huku Afrika, Kiswahili anakijua. Ndiye aliyemuuzia Petro. Alikuja na gari jekundu kama la Petro, pacha kabisa kwa kuliangalia.

Akamwambia Petro, wewe ndiye ninayekutaka uwe wakala wetu Bukoba na Muleba nzima. Ila lazima uchukue magari kadhaa kwa mpigo. Huna fedha za kutosha? Kuna mtu Kampala atakukopesha, weka kibanja rehani.

Petro akaja nyumbani kutuambia. Hakuja kuomba ushauri, alikuja kutujulisha.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Petro, humu amelala baba yako. Na mimi siku yangu ikifika utanilaza kwenye gari?"

"Mama, kibanja hakiendi popote. Haya magari watu watayagombania. Hakuna gari linaloyashinda."

"Nani kasema?"

"Kampuni yenyewe imesema."

Mimi nikamwambia, "Basi tulipime gari lako na la Salimu, hapa hapa kwenye barabara zetu. Likishinda, mimi sitasema neno."

Akaniangalia. Petro alikuwa mtu wa kiburi kidogo, lakini alikuwa muungwana. Akasema, "Likishindwa na la Salimu, naliacha jambo hili. Mama ni shahidi."

Tukakubaliana hivyo. Salimu alipoambiwa akafurahi, ila akatoa sharti: saa aishike Mwalimu. Petro naye akasema hivyo hivyo. Nilikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya kumaliza chuo cha ualimu.

Uwanja wa mbio hatukuwa nao. Tulichagua barabara ya kutoka Kagondo hadi Maruku na kurudi. Changarawe, kona, vilima, na vumbi la kutosha. Binamu yetu alikaa Maruku na vitambaa, kila dereva achukue kimoja arudi nacho, asije mtu akageuzia njiani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Waliondoka mmoja mmoja kwa sababu ya vumbi.

Salimu alitangulia. Akarudi na kitambaa, kofia imepotea huko njiani.

Kisha Petro. Nilisimama naangalia mshale wa saa na kusikiliza mlio. Muda wa Salimu ukafika. Ukapita. Petro hajatokea. Alipotokea, hakukuwa na haja ya hesabu, kila mtu aliona kashindwa.

Kusema kweli nilipumua.

Lakini wakala akacheka, akasema, "Gari halina tatizo. Tatizo ni dereva. Ngoja niwaonyeshe."

Akaingia kwenye lile gari lake, akaondoka.

Wakuu, alirudi mapema hadi watu waliokuwa wameketi hawakuwahi kusimama. Alimwacha Salimu mbali kabisa. Watu wakapiga vigelegele. Nilisoma saa mara mbili, nikatangaza kama ilivyokuwa, ingawa ulimi ulikuwa mzito.

Petro akaruka. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Ni mimi nisiyejua kuendesha!"

Akasema anakwenda Buganguzi saa ile ile kumwambia Mama. Mimi moyoni nikaona kibanja kimekwenda.

Nilikuwa sina la kufanya ila kurudi mjini. Salimu, kwa ule uungwana wake, akamwambia wakala, "Bwana, wewe si unaelekea mjini? Mpe Mwalimu lifti."

Wakala akasema, "Samahani, kiti kimelowa."

Nikakumbuka kwamba upande wa abiria ulikuwa umefunikwa turubai tangu asubuhi. Nilidhani ni kwa ajili ya vumbi.

Salimu akasema, "Kimelowa na nini? Mvua haijanyesha wiki hii." Akadhani pengine mzungu hataki kukaa na Mwafrika, na akakasirika kwa niaba yangu. Akashika turubai akafungua vifungo.

Hapakuwa na kiti.

Pale pa abiria palikuwa bati tupu. Petro, ambaye alikuwa hajaondoka bado, akaja, akafungua nyuma. Tairi la akiba hakuna. Turubai la kufunika juu wakati wa mvua na vyuma vyake hakuna. Ndipo tukaanza kuangalia vizuri: hata matairi yenyewe yalikuwa ya aina nyingine, si kama ya Petro.

Watu wakasogea kulizunguka gari.

Petro akauliza polepole, "Bwana, hili ndilo gari kama langu?"

"Ni gari lile lile. Ila hili ni la maonyesho, limepunguzwa uzito."

"Na langu?"

"Lako ni la kutumia."

Petro akampa ufunguo wake. "Basi endesha langu. Wewe dereva mzuri."

Wakala akaanza habari za safari ya Kampala, kwamba anachelewa. Petro hakupaza sauti. Alisimama tu na mkono umenyooka, ufunguo juu ya kiganja. Mwisho yule kijana akauchukua.

Alikwenda, akarudi. Alimpita Petro, haki yake nimpe, alikuwa anajua kuendesha. Lakini muda wa Salimu hakuufikia.

Alipokuwa anaondoka alisema, "Sikusema uongo. Muda ule ni wa kweli." Na kweli, wakuu. Mimi ndiye niliyeupima.

Salimu alikuwa na kila sababu ya kumcheka Petro. Hakufanya hivyo. Alimshika bega akasema, "Ndugu yangu, hata mimi langu nilinunua kwa brosha. Nani ajuaye, labda nalo lina ndugu yake huko Ulaya asiye na kiti."

Nilikwenda na Petro hadi Buganguzi. Karibu na nyumbani akasimamisha gari, akakaa ameshika usukani.

"Ningemwambia nini Mama?" akasema.

Akawasha gari tena.

Tulimkuta Mama jikoni. Petro akachuchumaa mlangoni, suti yake imejaa vumbi, akasema, "Mama, kibanja kinabaki."

Mama akaipua chungu. Hakuuliza nani kashinda. Akasema, "Haya, kanaweni mikono mpate kula."

Gari Petro hakuliuza. Alilipenda hadi lilipochakaa, na akawa haoni haya kusema la Salimu lina kasi zaidi. Ila kuanzia siku ile, mtu akimsifia kitu cha kuuza, kiwe mbegu, redio au mashine ya kukoboa kahawa, swali lake lilikuwa moja: "Hiki unachonionyesha ndicho nitakachopewa?"

Ndilo funzo langu, wakuu. Namba ya kampuni inaweza kuwa kweli tupu na bado isikuhusu. Uliza ni gari gani, matairi gani, nani alishika usukani, na nini kilitolewa ndani kabla saa haijaanza kuhesabu.

Sasa ninyi wenye magari, nawasikiliza. Lile la kwenye brosha na hili lililolala uani kwako, ni mapacha au yanafanana sura tu? Matusi hapana, mimi ni bibi yenu.