Siku Tulipozika Waya

Juzi, kwenye gesti moja Haydom, niliona waya wa pampu ya bwawa la maua umelala majini, kiungo kimefungwa mfuko wa nailoni. Nikanusa tena udongo mbichi wa kwetu Tumati.

Nilipokuwa mtoto, baba mdogo alitaka kuwasha pampu ya bwawa letu la samaki hivyo hivyo, waya ukiwa majini. Mama akaziba swichi kwa mgongo.

“Shemeji, huwashi! Wanangu wanachezea humo. Waya uzikwe, ndani ya bomba.”

“Woga tu huo!”

“Basi uniue mimi kwanza.”

Mama akachimba mwenyewe, mtaro mrefu kama barabara ya Babati. Mimi niliposikia kuzika, nikajua waya umefariki. Nikalia mpaka kijiji kizima kikaja na mahindi ya msiba.

Mama hakuinua hata kichwa. “Karibuni. Majembe yale pale.”