Siku Shangazi wa Unguja Alipoanzisha Wimbo

Wewe nakuamini, ndiyo maana nakusimulia. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya karafuu, nageuka kutazama nani kaingia. Mafuta hayo ndiyo aliyokuwa akijipaka kooni shangazi Skola, dada yake baba, aliyekuwa anaimba jazi kwenye klabu ya hoteli huko Unguja.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba na Shangazi, alikuwa amepooza upande mmoja, na wanajumuiya wenzetu wa kanisani walikuwa wanakuja kwetu mtaa wa Mfaranyaki, huku bara, kumwombea. Shangazi alikuwa amefika juzi yake, miguu imevimba kwa safari. Mama akampa kanga ajifunike, halafu mimi akaniambia, "Ukiulizwa, shangazi yako anauza dukani."

Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeanzisha wimbo. Nyumba ilikuwa ya Bibi, naye hakuweza kusema tena. Mama Kizito, mwenyekiti wa jumuiya, alipouliza nani ataanzisha, Bibi aliinua mkono wake mzima akamwonyesha Shangazi.

"Huyo?" Mama Kizito akasema, kumbe habari alishazipata. "Huyo anaimbia walevi, bibi. Akianzisha yeye, sisi tunaondoka."

"Walevi nao wanasali, mama," Shangazi akajibu taratibu. "Tena kwa sauti."

Mtu mmoja alicheka, akakimeza kicheko. Watu wazima walishasema Bibi hamalizi wiki. Wakiondoka hawa, atakufa hajaombewa.

Shangazi akaanza. Ulikuwa wimbo wa Bikira Maria tunaoujua wote, ila aliuimba polepole, kwa sauti nzito, anavuta kila neno kama anateka maji kwenye kisima kirefu. Ubeti ukaisha. Hakuna aliyeitikia. Nje kuku wanaparua. Kiitikio nilikuwa nacho hapa kooni. Nikamtazama mama, macho yake yakasema nisithubutu. Nikanyamaza.

Shangazi akaitikia mwenyewe. Ubeti wa pili, akaitikia mwenyewe. Mama Kizito akasimama, akashika mlango. Wa tatu ulipoisha, Bibi, mdomo umeenda upande, akaitikia. Hayakuwa maneno, ilikuwa sauti tu.

Mama Kizito akarudi kukaa. Akafungua kitabu cha sala.

Bibi alifariki siku ya nne baada ya hapo.

Miaka mingi nilidhani Shangazi aliendelea kwa sababu hana aibu. Nikiwa mtu mzima ndiyo nilimuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, klabuni watu wanakula, wanapiga soga, wamekupa mgongo. Unamtafuta mmoja anayesikiliza, unamwimbia huyo."

Basi kazi ile tuliyokuwa tunaificha ndiyo iliyompatia Bibi sala zake. Mimi niliyekijua kiitikio nilinyamaza, na hilo nimeliungama. Nawe msimulie mwingine, hasa yule mwenye binti anayeimba mahali ambapo mzazi hapapendi.