Mkono wa Jaji wa Rufaa

Jaji yule wa mahakama ya rufaa ya shirikisho ana mikono laini isiyotulia. Wakili akieleza, yeye huchonga penseli, na mabaki huyapulizia wenzake wawili. Miaka thelathini sasa, taa nyekundu ya kuonyesha muda umekwisha ikiwaka humkatiza wakili hata katikati ya neno. Asubuhi ile wakili wetu alikuwa akieleza kwamba mume wangu, Mwalimu Mkuu Lyle Haskett, hakuvujisha mitihani aliyofukuziwa kazi. Jaji akapiga mwayo. “Wakili, mteja wako kishakufa. Kazini atarudi vipi, kama mzuka?” Wenzake wakacheka. Taa ikawaka.

Kisha, kwa desturi ya mahakama ile, majaji wakashuka kuwapa mawakili mikono. Nilisimama kando ya wakili wetu, na suti yangu nyeusi ilimdanganya, akanijia akitabasamu.

“Umejitahidi, wakili.”

“Mimi si wakili, Mheshimiwa. Mimi ni mjane wa huyo mzuka wako. Hatukuja kuomba kazi, tumekuja kumsafishia jina.”

Tabasamu likamganda usoni. Mkono ulibaki umenyooshwa, nami sikuushika. Mawakili wote wakitazama, akaugeuza taratibu, akampa askari wa mlangoni, ambaye wala hakuwa ameuomba.