Povu Ukweni

Nitawasimulia, ila mkicheka sana naishia katikati, maana aibu hii bado naila mpaka leo. Mwaka jana nilitoka Mbeya na mjomba wangu, ndiye mshenga, tukaenda Mafinga kujitambulisha kwa kina Tumaini, mchumba wangu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwona daktari wa meno (jino la nyuma lilioza kwa sababu ya soda, nakiri), akanieleza vizuri tu kwamba sukari inazaa asidi mdomoni, asidi inakula jino, floraidi ya kwenye dawa ya meno inaliimarisha, zile zenye magadi soda zinaituliza asidi, halafu nikimaliza kupiga mswaki niteme tu, nisisukutue kwa maji.

Mtu mwenye akili angenunua dawa yenye magadi. Mimi nikaona siku kubwa kama ile nijiongezee mwenyewe, basi tulipofika nikaomba kunawa, nikazunguka nyuma ya nyumba na vifaa nilivyoficha mfukoni, nikamimina kijiko kizima cha magadi soda juu ya dawa, nikasugua, nikatema kidogo, nikaingia sebuleni mdomo umejaa unga, natabasamu.

Sasa mnajua ukweni kwa Wahehe msimu wa mvua. Kabla mshenga hajasema lolote, ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaletwa, na mgeni kuukataa ni kama kuwatukana. Ule ulikuwa umelala siku mbili, mchachu mpaka masikio yanacheza. Nikapiga funda kubwa. Uchachu ulipokutana na magadi mdomo ukachemka, povu likatoka mdomoni, likatoka puani, likashuka kwenye tai (ya kuazima).

Baba yake Tumaini ni bwana mifugo mstaafu. Aliniangalia, kisha akamwambia binti yake, "Hebu mletee maji."

Tumaini akaleta jagi na kikombe. Na mimi, mjinga wa kushika masharti ya daktari, nikatikisa kichwa na kukisukuma kikombe.

"Anaogopa maji," mzee akasema taratibu, anarudisha kiti nyuma. "Kijana, mbwa alikuuma lini?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikamrushia povu. Mjomba niliyemtegemea anitetee alishapanda juu ya kochi, anasema, "Mzee, mimi nilipewa tu kazi ya kumleta." Nikasikia inaagizwa kamba ya ng'ombe, Tumaini analia kweli, na hapo nikajua mke anaondoka hivihivi.

Nikanyakua jagi, nikanywa maji yote mbele yao bila kupumua. "Baba," nikasema, "ni mswaki tu."

Tumaini nilimpata, namshukuru Mungu, na nimeapa dawa ya meno nitaitumia kama ilivyotoka dukani, siongezi hata punje. Ila mzee hajaamini moja kwa moja. Nikienda kumsalimia, kabla hata ya kuniambia "Kamwene," ananikabidhi kikombe cha maji, anasimama mlangoni, ananitazama mpaka nimalize.